Jina Lililozama Mpinini: Siku Kumi Japani na Ulaya

Siku ya 1: Ryogoku, Tokyo

Nimetua alfajiri. Mwenye akili zake angelala kwanza. Mimi nimetupa begi hotelini na kupanda treni hadi Ryogoku, kwenye Makumbusho ya Panga za Kijapani. Yalihamia huku mwaka 2018 kutoka Yoyogi, na yanaendeshwa na NBTHK, chama kilichoundwa 1948 kuhifadhi panga za sanaa. Ni chama hicho hicho kinachotoa vyeti ambavyo sisi wakusanyaji huvikodolea macho kuliko chuma chenyewe. Nitalirudia hilo.

Niseme mapema kilichonileta. Kwa miaka tisa nilikusanya panga za Kijapani tu. Kitu cha Ulaya sikukitazama mara mbili. Nikiviona vyuma vya mashujaa wa kwenye ngome, vizito, vya kupondea. Miaka mitatu iliyopita rafiki akanishikisha rapia, ule upanga mrefu mwembamba wa kuchomea wa karne ya 17, na mkono wangu ukaniumbua. Kitu kilikuwa chepesi pale nilipotarajia uzito, na ncha ikaenda nilikotazama kabla sijaiamuru. Tangu siku hiyo moyo umekuwa ukihama taratibu, kama mpangaji anayehamisha vitu vyake usiku. Leo nina panga nne za Kijapani na vitara viwili vya wapanda farasi wa Ulaya, na mpango ulikuwa wazi: niuze wakizashi yangu, upanga mfupi wa Kijapani, iliyotiwa jina la Sukehiro, mhunzi wa Osaka wa karne ya 17, pesa hizo ziende kwenye rapia inayonisubiri karibu na Solingen, mji wa wahunzi wa panga huko Ujerumani. Wakizashi yenyewe iko huku Japani miezi minane sasa, kwa mnoaji. Kesho naenda kuiona.

Makumbushoni leo nilishinda nikiinama. Ubapa wa Kijapani hauonekani ukiusimamia wima. Lazima uinamishe kichwa hadi taa ikutane na chuma kwenye pembe fulani, hapo ndipo hamon, ule mstari wa ukungu unaofuata makali, hujitokeza. Mhunzi hupaka udongo mzito mgongoni na mwembamba kwenye makali, kisha huzamisha upanga wote majini ukiwa mwekundu. Makali hupoa ghafla na kuwa magumu, mgongo hupoa polepole ukabaki laini, na katika mvutano huo upanga hujikunja wenyewe. Ukumbi mzima ulikuwa watu tunainamia vioo kama tunaosalimiana na panga. Sikuona ajabu. Ndivyo nilivyoishi miaka tisa.

Siku ya 2: kwa mnoaji

Saa moja na nusu kwa treni. Mzee ana miaka sabini na ushei, na mkalimani wangu ni kijana anayejifunza kazi kwake. Kijana alinionya mlangoni: sensei, yaani mwalimu wake, akiwa kazini haongei. Kweli tulikaa karibu nusu saa tukimtazama.

Hukalia kigoda kifupi kilichoinama mbele, na kwa mguu wa kulia hukanyaga mti unaobana kinoo kisisogee. Pembeni kuna beseni la mbao lenye maji. Vinoo vinaanza na cha kukwaruza, vinazidi kulainika, na mwishoni haviitwi vinoo tena kwa macho ya mgeni: ni vigae vyembamba kama ukucha, vimegandishwa karatasi kwa nyuma, anavisukuma kwa kidole gumba juu ya bapa, sentimita kwa sentimita. Sauti yake ni ya panya anayetafuna karatasi chumba cha pili. Kidole gumba chenyewe kimekuwa bapa.

Alipomaliza alifuta mikono, akaleta wakizashi yangu. Akachomoa kijiti kinachofunga mpini, akagonga kwa ngumi ya kulia juu ya kifundo cha mkono wa kushoto ulioshika upanga, na shina likaruka kutoka ndani ya mti. Shina ni kile kipande kinachozama mpinini; Wajapani hukiita nakago, na ndipo mhunzi anapochora jina lake kwa tindo. Lakini kabla sijaliona, mzee alikwisha kulifunga kitambaa. Akanipa upanga, akauliza neno moja.

“Nani?”

“Sukehiro,” nikasema, kwa ile sauti ya mwenye mali.

Kijana akatafsiri jibu lake huku akitazama chini: “Hilo ulilisoma. Sensei anauliza unaona nini.”

Nikautazama. Sukehiro ndiye aliyekuja na toran, hamon yenye umbo la mawimbi makubwa ya bahari, na panga zangu zote nne hakuna niliyoipenda kama hii kwa sababu ya mawimbi hayo. Chini ya unoaji mpya nikayaona kwa mara ya kwanza kama yalivyo. Yalikuwa mazuri, na yalikuwa yanafanana mno. Linapanda, linashuka, linapanda, kama mtu anayeandika herufi moja daftari zima. Kwenye kazi za Sukehiro nilizowahi kuziona wimbi moja huvimba, lingine hujikata njiani, na chembe zing'aazo kwenye ukingo wake ni nene kama mchanga uliolowa. Hapa chembe zilikuwa chache.

Akafungua kitambaa. Kutu ya shina hairuhusiwi kusafishwa kamwe, maana ndiyo umri wenyewe, na yangu ilikuwa nyeusi tulivu ya kuridhisha. Ila ndani ya mikato ya herufi ilikuwa na rangi nyingine, hudhurungi changa. Yaani kutu ya jina ni changa kuliko kutu ya upanga. Kisha akanyoosha kidole kwenye tarehe: Kanbun mwaka wa 9, ambao ni 1669. Na jina limeandikwa kwa mwandiko wa mviringo. Sukehiro alianza mwandiko huo mwaka 1674. Kabla ya hapo herufi zake zilikuwa na kona.

Hapa lazima nikiri. Habari ya mwandiko na mwaka nilikuwa naijua. Niliisoma zamani, miaka miwili hivi baada ya kununua, nikafunga kitabu, na sikulitoa shina mpinini kwa muda mrefu baada ya hapo. Nilijiambia naogopa kuulegeza mpini.

Hukumu ya mzee ilikuwa hii: chuma ni kizuri, kazi ya miaka mia au zaidi baada ya Sukehiro, zama ambazo wengi walilifukuza wimbi lake, hata Suishinshi Masahide, mkubwa wa wahunzi wa mwisho wa karne ya 18, alianza kwa kuliiga. Baadaye mtu mwingine, pengine mfanyabiashara, akaongeza jina. “Upanga ni mzuri,” alisema. “Jina ndilo baya.” NBTHK haitoi cheti kwa upanga wenye jina la kughushi. Naweza kuagiza jina lifutwe kwa tupa, shina liachwe lishike kutu upya, upanga upelekwe ukiwa hauna jina. Au uachwe ulivyo, bila cheti, milele. Nimjibu kabla ya siku zangu kumi kwisha.

Kwenye treni ya kurudi nilikuwa na hasira, na nilijua ya nani, lakini nikaielekeza kwa Wajapani wote.

Siku ya 3: Osafune

Zaidi ya saa tatu kwa treni ya kasi hadi Okayama, kisha kitreni kidogo kati ya mashamba. Tiketi nilinunua zamani, la sivyo nisingekuja. Osafune, leo sehemu ya mji wa Setouchi, ndiko zilikofuliwa panga nyingi pengine kuliko popote Japani, hadi mafuriko ya mto Yoshii yalipoifagia kazi hiyo mwishoni mwa karne ya 16.

Nilitaka kuchukia, nikashindwa. Katika zama za vita wahunzi wa hapa walifua panga kwa mafungu, na juu ya maelfu ya hizo wakachora “Osafune Sukesada”. Sukesada hakuwa mtu mmoja. Lilikuwa jina la karakana nyingi, karibu chapa ya kiwanda. Mteja mkubwa aliyeagiza upanga wake maalumu ndiye aliyepata jina kamili la mhunzi, mathalani Yosozaemon no Jo Sukesada. Kwa hiyo jina la kweli, lililochorwa na mkono halali, laweza lisikuambie lolote kuhusu aliyefua.

Na kinyume chake: mwaka 2020 mji huu uliununua upanga uitwao Sanchomo, uliokuwa mali ya Uesugi Kenshin, mbabe wa vita wa karne ya 16, kwa yeni milioni 500 zilizochangwa kwa sehemu kubwa na watu wa kawaida. Ni Hazina ya Taifa, na hauna jina shinani. Hakuna. Umetambuliwa kuwa wa shule ya wahunzi ya Ichimonji, karne ya 13, kwa kutazamwa tu: umbo, chembe za chuma, ule moto wa hamon yake. Leo haukuwa kwenye maonyesho. Nilikaa nje mbele ya jengo la wahunzi, ambao nao leo hawakuwa wanafua, na hasira ikaanza kupoa bila ruhusa yangu.

Siku ya 4 na ya 5

Mvua, uwanja wa ndege, ndege, uwanja wa ndege. Nikaandika kwenye daftari: “Ulaya hakuna majina, nitapumzika.” Naliacha hapa nijicheke.

Siku ya 6: Solingen

Kutoka Wuppertal unapanda basi la umeme linaloshikilia nyaya juu, hadi Gräfrath, na pale kwenye utawa wa zamani ndipo lilipo Deutsches Klingenmuseum, makumbusho ya visu na panga. Wahunzi wa Solingen walikuwa wamegawana kazi mapema sana. Wanoaji na wakolezaji chuma walipata haki zao za chama mwaka 1401. Mmoja anafua, mwingine anakoleza, mwingine ananoa, mwingine anafunga mpini. Nikamkumbuka mzee na kidole chake bapa, maana kwao ni hivyo hivyo: anayefua siye anoaye.

Lakini majina! Ulaya haina mpinini, inayo hadharani, kwenye mfereji wa ubapa, mbele ya kila mtu. Na mengi yao ni ya uongo. Mji wa Passau ulikuwa maarufu, alama yake mbwa mwitu anayekimbia. Wahunzi wa Solingen wakamchora mbwa mwitu. Toledo ya Hispania ikawa maarufu; Solingen ikachora Tomas de Ayala na Sahagun, wahunzi wa Toledo. Waskoti wakapenda jina Andrea Ferrara. Solingen ikawauzia shehena za Andrea Ferrara, kwa tahajia yoyote iliyomjia mchoraji. Na kama unadhani huo ni ujanja wa karne ya 17, rudi nyuma hadi zama za Waviking: panga zenye jina la ULFBERHT zimepatikana zaidi ya 100, msalaba uliochorwa pamoja na jina ukikaa hapa kwenye huu na pale kwenye ule, herufi zikirukwa, na chuma chake ni feleji safi kwenye baadhi na hovyo kwenye nyingine.

Nilicheka kwa sauti, mlinzi akageuka. Kisha nikasoma lililonimaliza: mwaka 1938 Ujerumani ilitunga sheria ya kulinda jina “Solingen”, kwamba asiye wa huko asilitie kwenye kisu chake. Mwizi wa majina alikuwa amejiwekea kufuli mlangoni.

Siku ya 7: rapia

Muuzaji ni mstaafu, nyumba yake imejaa vitabu na paka mmoja asiyeogopa makali. Rapia ilikuwa mezani juu ya blanketi. Ubapa umezidi mita moja, mpini umezungukwa na pete za chuma kama mizizi, na kwenye mfereji mfupi karibu na kikinga mkono: TOMAS AIALA.

Nikamuuliza waziwazi, kwa ukali kidogo, ni wa Toledo?

“La hasha,” akasema, akimsukuma paka. “Wa hapa hapa. Kila mtu anajua.”

Wala hakupunguza bei. Kwake jina la uongo ni sehemu ya historia ya upanga, ushahidi wa nani alitaka kumuuzia nani nini. Nilikumbuka tupa inayosubiri Japani. Kule jina la uongo ni doa, na doa hufutwa. Huku ni kovu, na kovu husimuliwa.

Nikaishika. Niseme tofauti kwa asiyewahi kushika zote mbili. Katana, upanga mrefu wa Kijapani, hushikwa kwa mikono miwili na uzito wake uko mbele, ukiuachia unataka kushuka, na mwili wako unaufuata. Ukataji wake ni wa mabega na kiuno. Rapia hii ina kilo moja na robo, si nyepesi kuliko katana hata kidogo, ila uzito wote umerudishwa karibu na vidole. Kidole cha shahada hupita juu ya kikinga na kulala kwenye chuma chenyewe, sehemu isiyonolewa. Ukizungusha kifundo kidogo tu, ncha iliyo mita moja mbali huchora duara. Ukikaza mkono, inatetemeka, inakusengenya. Nililenga kitasa cha kabati. Ncha ilikaa juu ya tundu la ufunguo, ikapumua pamoja nami.

Ubapa wake, nao? Nikauinamisha kwenye dirisha kwa mazoea ya miaka tisa. Hamna ukungu, hamna mawimbi. Mikwaruzo ya kunolewa upya mara nyingi, kutu ya vidoa, kijivu cha kawaida. Kwa jicho ni chuma bubu. Miaka mitatu nimekuwa nikijiuliza kwa nini nauhama mji mmoja kwenda mwingine, na jibu lilikuwa pale dirishani: panga za Kijapani nimezipenda kwa macho, hizi kwa kifundo cha mkono. Hazigombanii chumba kimoja.

Nikaomba siku tatu.

Siku ya 8

Treni tatu na mashua ya usiku kuvuka kwenda Uingereza. Sikulala.

Siku ya 9: Leeds

Royal Armouries, makumbusho ya silaha ya Uingereza, ilifungua jumba hili mwaka 1996, na nilikuja kwa ajili ya panga za Ulaya, nikakwama mbele ya deraya, vazi la kujikinga vitani, ya Kijapani. Mwaka 1613 shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, Tokugawa Hidetada alimkabidhi nahodha John Saris deraya mbili ampelekee Mfalme James wa Kwanza. Baadaye watu wakasahau zilikotoka, na katika orodha za kifalme ikatajwa zawadi ya Mogul Mkuu wa India. Hata deraya nzima, yenye kofia, ilibandikwa jina lisilo lake.

Miaka hiyo hiyo, upande wa pili wa bahari, mhunzi Yasutsugu aliyewatumikia akina Tokugawa alikuwa akifua kwa chuma kilicholetwa na meli za Wazungu, na akijivunia kukiandika shinani: kimetengenezwa kwa chuma cha namban, cha “washenzi wa kusini”. Na Japani ya zama za Meiji, mwishoni mwa karne ya 19, ilipojenga jeshi la kisasa, maofisa walitumia mipini ya vitara vya Kizungu, yenye upinde wa kukinga vidole; ndani ya mipini hiyo wengi wakapachika bapa za mababu zao. Ilidumu hivyo hadi 1934, jeshi liliporudia mpini wa jadi. Mimi nimekuwa nikijilaumu kwa kuyumba kati ya pande mbili, kumbe panga zenyewe zilishayumba zamani.

Siku ya 10: London

Makumbusho ya Wallace Collection, Manchester Square, kuingia bure. Panga na deraya ziko ghorofa ya chini, na leo nilizitazama kwa mchezo nilioutunga kwenye treni: nimeziba kila kibandiko kwa daftari langu kwanza. Unaona nini?

Ewart Oakeshott, Mwingereza aliyezipanga panga za Zama za Kati katika aina kuanzia X hadi XXII, hakuanza na majina wala mapambo ya mpini. Alianza na ubapa: upana wake, urefu wa mfereji, kama unapungua polepole au kwa ghafla, kama ukiukata katikati ungeona yai au almasi. Upanga mpana wenye mfereji mrefu ni wa kukata. Mwembamba wenye tuta katikati na ncha kali umezaliwa kwa sababu watu walianza kuvaa bamba za chuma, na upenyo pekee ukawa kwenye maungio. Ni swali lile lile la mzee, kitambaa kikiwa kimefunga shina. Nilikosea panga saba katika kumi na moja. Moja nilikosea kwa karne mbili nzima, na nilikuwa na uhakika nayo kuliko zote.

Mchana nikakaa kwenye ngazi za nje, nikaandika barua mbili kwa simu. Ya Solingen: rapia naichukua, vitara viwili vitauzwa badala ya wakizashi. Ya Japani, kwa kijana: mwambie sensei jina liachwe. Cheti sihitaji. Sukehiro asiye Sukehiro atakaa ukuta mmoja na Ayala asiye Ayala.

Jibu la kijana limenikuta uwanja wa ndege. Sensei amesikia, upanga utakuwa tayari baada ya wiki sita. Anasema pia kwamba swali lake la siku ile bado sijamjibu.

Nimefungua picha ya ubapa kwenye simu, nikaikuza. Nimeanza upande wa ncha. Wimbi la kwanza ni fupi kuliko mengine, sikuwahi kuliona. La pili na la tatu yanalingana. La nne lina chembe moja pembeni, imetoka nje ya mstari, kama tone lililoruka.